Dhamana ya Pigo

Nguvu ikipita mkononi mwangu bila kutoka mwilini mwangu, kisha ikaharibu kitu, mharibifu ni nani? Wanazuoni wameliuliza swali hilo kwa karne nyingi kuhusu dobi, mshonaji na mtu aliyekodi mnyama wa kupanda. Mimi ni fundi wa kupaua hapa Tanga, na nililiuliza upya nilipokuwa napima mashine ya betri ya kukazia skrubu, ile tunayoiita impakti, niamue kama inafaa kuingia kazini kwetu au la. Nilianza na maswali ya dukani: ina nguvu kiasi gani, na inashikika vipi. Kadiri nilivyoendelea kupima, maswali hayo mawili yalizidi kuwa moja, na hilo moja likawa la dini.

Mjomba wangu, ndiye aliyenifunza kazi, alikaza skrubu kwa bisibisi ya mkono. Kwa chombo kile swali langu halikuwa na pa kuingilia. Nguvu zilitoka begani, na skrubu ilipogoma kiganja kilijua kabla ya mbao. Aliyepasua mbao kwa bisibisi aliipasua huku anahisi, na akikana hakuna wa kumsadiki. Ilipokuja drili nguvu zikawa za mota, lakini mkono uliendelea kulipa sehemu yake: biti ikikwama, mashine nzima inataka kuzunguka badala ya skrubu, na kinachoizuia ni kifundo cha mkono wako. Fundi aliyewahi kupindwa mkono na drili anajua kwamba maumivu yale ni onyo.

Impakti imeliondoa onyo hilo. Ndani ya kichwa chake kuna nyundo, kipande kizito cha chuma cha mviringo kinachozungushwa na mota na kusukumwa mbele na springi. Mbele yake kuna fuawe ndogo iliyoshika biti. Skrubu ikiwa bado inaingia kwa ulaini, nyundo na fuawe huzunguka pamoja na mashine haina tofauti na drili. Skrubu ikianza kukaza, fuawe hugoma. Nyundo hurudi nyuma huku ikiibana springi, huachana na meno ya fuawe, kisha hurushwa mbele na kuyapiga meno hayo kwa ubavu. Hupiga, hurudi, hupiga tena. Sauti hubadilika ghafla kutoka mvumo kuwa mgongano, na mtaa mzima hujua kwamba juu ya paa pana kazi.

Mashine niliyoipima kwa kina ni Makita DTD153. Watengenezaji wameiandikia nguvu ya kukaza ya Nm 170 na mapigo hadi 3,600 kwa dakika, na uzito wake ukiwa na betri ni kama kilo moja na nusu. Drili ya kampuni hiyohiyo, DHP482, imeandikiwa Nm 62. Kwa asiyezoea kipimo hiki, Nm 10 ni karibu sawa na kuning'iniza kilo moja kwenye ncha ya spana yenye urefu wa mita moja. Sasa chukua umbali wa sentimita 20 kati ya biti na kiganja. Drili ya Nm 62 ikikwama ghafla, mkono unatakiwa kuzuia msukumo wa zaidi ya kilo 30. Kama Nm 170 nazo zingerudi mkononi kwa namna ileile, ingekuwa zaidi ya kilo 85, na fundi aliyesimama kwenye papi angeshuka chini kwa njia asiyoipenda. Lakini hazirudi. Kila pigo ni fupi mno, na msukumo wake wa kurudi hubebwa na nyundo yenyewe inaporuka nyuma. Mpini unatetemeka tu. Kijana mwembamba asiyeweza kushika drili kubwa kwa mkono mmoja anakaza skrubu nene huku mkono wa pili umeshika kenchi.

Ni neema, na sitaki nieleweke kuwa nailaani. Vifundo vyangu vya mikono vinaishukuru kila jioni. Lakini neema hiyo imekuja na jambo jingine ambalo halikuandikwa kwenye sanduku: mwenye kutumia nguvu hatozwi tena chochote na nguvu hiyo papo hapo. Kinachotozwa ni kile kilicho mbele ya biti.

Na mbele ya biti yangu kuna mpira mdogo. Skrubu ya bati ina kichwa cha pembe sita, na chini ya kichwa kuna washa ya chuma yenye mpira. Ukiikaza pungufu, maji yanapita chini ya mpira. Ukiikaza vizuri, mpira unabanwa ukachungulia kidogo tu kwenye ukingo wa washa. Ukipitiliza, mpira unafurika nje na kupasuka, washa inabonyea, bati linaingia shimo, na shimo hilo sasa linakusanya maji kuzunguka tundu la skrubu. Siku unapokabidhi paa hakuna anayeona. Jua la Tanga linaukausha ule mpira uliochanika, chumvi ya bahari inaanza na pale palipochubuka rangi, na siku ya masika makubwa mwenye nyumba anaweka sufuria sebuleni.

Sasa hesabu. Mapigo 3,600 kwa dakika ni 60 kwa sekunde. Binadamu akiona jambo na kuamua kuachia kidole, huchukua kama sehemu moja ya tano ya sekunde hadi kidole kitii. Ikiwa swichi imevutwa hadi mwisho na nyundo iko katika kasi yake kamili, basi kati ya moyo kusema "basi" na kidole kuitika, nyundo imeshapiga mara 12. Mpira wa washa hauhitaji mapigo mengi kiasi hicho ili uharibike. Mapigo hayo sikuyakusudia. Niliyakusudia yale ya kabla. Haya yamekuja baada ya nia yangu kukoma. Ni ya nani?

Nililipeleka swali hilo darsani. Baada ya Maghrib shehe wetu anasomesha Minhaj ya Imamu Nawawi, na sisi Washafi wa pwani kitabu hicho tunakijua tangu kwa mababu zetu. Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ndiye pia aliyekusanya zile Hadithi Arubaini wanazohifadhi watoto wa chuo, na ya kwanza kati yake ni hadithi ya nia. Kama mambo yangeishia hapo ningetoka msikitini nimesalimika: amali hupimwa kwa nia, mapigo 12 hayakuwa na nia, kwa hiyo si amali yangu. Lakini kalamu ileile imeandika pia mlango wa ijara, yaani wa kukodi na kuajiri, na katika mlango ule aliyeharibu mali ya mtu haulizwi tu alinuia nini. Dhambi ina hakimu wake na hasara ina hakimu wake. Aliyekosea bila kukusudia anaweza kusamehewa dhambi na bado akaambiwa alipe.

Kabla ya kufika kwenye Minhaj nilimweleza shehe malalamiko yangu: kwamba nguvu za bisibisi zilikuwa zangu, na hizi za impakti si zangu. Akaniangalia kama anavyomwangalia mtoto aliyeruka aya.

"Nguvu za bega lako, fundi, zilikuwa zako tangu lini?"

Nikanyamaza, maana jibu nalijua. Itikadi tuliyosomeshwa ni ya Imamu Ash'ari, aliyefariki mwaka 936: kitendo huumbwa na Mwenyezi Mungu, na mja hukichuma. Bega sikuliumba mimi, wala msuli wake, wala uwezo unaoingia ndani ya msuli saa ile ninapotaka kukaza. Kwa itikadi hiyo bisibisi na impakti zimesimama mstari mmoja. Katika zote mbili nguvu ni ya kuazima, na changu ni kuchuma tu. Kwa hiyo sina haki ya kujitetea kwamba "nguvu haikuwa yangu", kwa sababu utetezi huo ukikubaliwa juu ya paa utakubaliwa kila mahali, na hatabaki duniani mtu wa kuulizwa.

Pigo hilo la shehe lilinisaidia kuliweka swali vizuri. Tofauti ya vyombo viwili haiko katika nani mwenye nguvu. Iko katika habari. Bisibisi ilinipa nguvu pamoja na habari zake. Impakti imenipa nguvu, na habari imebaki huko mbele kwenye mpira. Nachuma kitendo ambacho sikisikii kikitendeka.

Sasa wale madobi. Zamani nguo zilisafishwa kwa kupigwa, na kazi ya kupiga ina hatari yake: dobi hodari anapiga kama anavyopiga siku zote, na nguo inachanika. Katika Hidaya, kitabu mashuhuri cha Wahanafi alichokiandika Marghinani, aliyefariki mwaka 1197, suala hilo limejadiliwa. Abu Hanifa na wanafunzi wake wawili wakubwa wanasema dobi atalipa. Hoja yao ni kwamba mwenye nguo aliruhusu kazi iliyo njema. Pigo lenye kuchana halikuwamo ndani ya ruhusa. Zufar, naye ni Mhanafi, anapinga, na Shafi yuko upande huo: mwenye nguo aliamuru kupiga, na kupiga ni kupiga, huwezi kuruhusu kazi ukakataa hatari iliyozaliwa nayo pacha.

Nikiwa juu ya paa nampenda Zufar. Nikiwa chini, nimesimama sebuleni kwa mwenye nyumba natazama sufuria, nawaelewa wenzake.

Imamu wetu Shafi, aliyefariki mwaka 820, ana kisa katika jambo hili ambacho kila fundi anapaswa kukijua. Mwanafunzi wake Rabii amesimulia kwamba Imamu aliona fundi wa kuajiriwa hana dhamana ya kilichoharibika bila uzembe wake, lakini hakupenda kuitangaza rai hiyo, kwa kuwaogopa mafundi wabaya. Nilipokisikia nilicheka kwa sauti hadi nikaona haya mbele za watu. Mwanachuoni mkubwa kiasi kile aliijua hukumu, akaijua na tabia yetu, akaona hukumu hiyo ikitufikia tutaifanya mto wa kulalia. Yaani karne kumi na mbili zilizopita mtu alishamjua yule fundi anayesema, "Hilo bati lenyewe, bosi, siku hizi ni bovu."

Minhaj inakwenda hatua kwa hatua. Mali ikiharibika mikononi mwa fundi bila yeye kuvuka mpaka, na mwenye mali alikuwa ameketi naye au amemleta fundi nyumbani kwake, fundi halipi. Fundi akiwa peke yake na mali, kauli yenye nguvu zaidi ni kwamba pia halipi. Nimeitafakari sana ile hali ya kwanza. Mwenye mali kuketi na fundi ni ushahidi: anaona anachofanyiwa, anaweza kusema "punguza". Mimi mwenye nyumba amenileta kwake, kweli, na mara nyingi yuko palepale chini ya mwembe na kikombe cha chai. Lakini haoni kitu. Paa ni mahali ambapo mwenye mali yupo na hayupo. Kwa sura ya nje nimetimiza sharti la kuwa naye. Kwa maana yake niko peke yangu na mpira wake.

Halafu kuna sentensi fupi katika mlango huohuo, kuhusu aliyekodi mnyama. Akimpiga au kumvuta hatamu kupita ada, atalipa. Hapa ndipo nilipoona ufunguo na kufuli pamoja. Pigo lenyewe halikukatazwa, kwa kuwa mnyama hupigwa kidogo ili aende. Mpaka uliowekwa ni ada: kile ambacho wajuzi wa kazi ile hukihesabu kuwa cha kawaida. Ukikaa ndani ya ada, hasara ni ya mwenye mali; ukiivuka, ni yako.

Swali likawa: ada ya impakti ni ipi, na imewekwa na nani? Ada ya bisibisi iliwekwa na viganja. Mafundi wa vizazi walikaza hadi mkono ukasema imetosha, na hicho ndicho kikawa kiwango. Ada ya kumpiga punda iliwekwa na watu wanaomwona punda akishtuka. Ada huzaliwa pale ambapo mtendaji anapata habari za kitendo chake, tena kwa muda mrefu, na watu wengi. Chombo kinachokata habari hizo kinaacha ada ya zamani ikielea hewani. Ukimuuliza kijana aliyeanza kazi na impakti "unakaza mpaka wapi?" atakujibu "mpaka ipige." Mpaka ipige! Kwa mzee wa bisibisi, kupiga kwa nyundo ni dalili kwamba skrubu imeshakataa. Kwa kijana ndiyo ishara kwamba kazi imeanza.

Hapo nikafikia rai yangu, na ndiyo ninayoitetea katika maandishi haya. Mapigo 12 ya baada ya nia hayawezi kuzuiwa wakati yanapopigwa. Hakuna uchamungu wala umakini unaoweza kuwahi kidole kwa sehemu moja ya tano ya sekunde. Kama kuna uzembe, haumo ndani ya sekunde hiyo. Umo kabla yake: katika kuvuta swichi hadi mwisho, katika kutojizoeza, na kabla ya hayo yote, katika kuchagua mashine. Mkono ulipopoteza hisia, taklifu, yaani jukumu la mja kuulizwa, haikupotea; ilirudi nyuma kwenye wakati, ikakaa pale dukani ninapotoa pesa. Kwa hiyo kuipima mashine kabla ya kuipandisha juu ya paa la mtu ni sehemu ya kitendo chenyewe, kama udhu ulivyo kabla ya swala.

Ndiyo maana nilipima kwa namna ambayo muuzaji aliiona ya kichekesho. Aliniachia mashine mbili kwa rehani ya pesa taslimu: ile Makita, na nyingine ya jina nisilolitaja, yenye namba kubwa zaidi kwenye sanduku na bei ndogo zaidi. Nikazipeleka uani kwangu Ngamiani, nikapigilia papi za mbao za dawa juu ya vigogo, nikalaza mabaki ya bati la geji 28.

Nguvu nilizipima haraka, maana hapo hapakuwa na mjadala. Kwenye skrubu nene za kuungia kenchi, katika mbao ngumu ya mkongo, ile yenye namba kubwa iliingiza kwa kasi iliyowafanya vijana wapige mluzi. Makita ilifika pia, ila ikichukua muda zaidi. Kama kazi yangu ingekuwa kuunga kenchi tu ningechukua ile yenye namba kubwa na kushukuru. Mbao ya inchi mbili inavumilia mapigo 12 ya ziada bila kunung'unika.

Kushikika ndiko kulikochukua siku. Jaribio la kwanza lilikuwa la mwanzo wa swichi: naweza kuizungusha skrubu polepole hadi nikaifuata kwa macho pembe moja ya kile kichwa cha pembe sita ikizunguka? Makita iliitika. Kidole kikizidisha unene wa karatasi, nayo inazidisha kiasi hichohicho. Ile nyingine ilikuwa na hali mbili tu, kulala na kukurupuka. Ukivuta kidogo haijibu, ukivuta kidogo tena imeshatoka mbio, na biti imeruka kwenye kichwa cha skrubu ikachora mstari kwenye rangi ya bati. Mstari ule juu ya nyumba ya pwani ni mlango wa kutu.

Jaribio la pili lilikuwa la kukoma. Nikiachia swichi, kichwa kinasimama papo hapo au kinaendelea kuzunguka kwa uvivu wake? Mashine nzuri ina breki ya umeme inayoukata mzunguko mara moja. Kwangu mimi hili lina uzito kuliko Nm zote, kwa sababu ucheleweshaji wa kidole changu ni qadari ya maumbile, lakini ucheleweshaji wa mashine baada ya kidole kuachia ni kitu nilichokinunua.

La tatu, mashine ilishikwa kwa mkono mmoja, ukiwa umenyooshwa, mwili umeegemea mteremko, kama inavyokuwa kweli juu ya paa. Hapo uzito kwenye karatasi haukuambii kitu. Mizani ya mashine ndiyo inayosema. Nikiweka betri kubwa, nyuma inavuta chini na biti inatazama juu. Nikiweka ya Ah 3.0 inatulia kiganjani na skrubu inaingia wima. Skrubu iliyoingia kwa mshazari inabana mpira upande mmoja tu, na maji hayahitaji zaidi ya upande mmoja. Ufupi wa kichwa nao una kazi yake. DTD153 ina kama sentimita 12 na nusu kutoka mbele hadi nyuma, na fundi aliyejibana kwenye kona ya kenchi anajua thamani ya kila sentimita.

La mwisho lilikuwa la sikio. Nilitaka kujua kama naweza kutambua pigo la kwanza kabisa, pale mvumo unapogeuka mgongano, kwa sababu baada ya mkono kunyimwa habari, sikio ndilo shahidi aliyebaki. Kwa swichi nusu, mapigo ya Makita yalikuwa yanatengana kiasi cha kuhesabika: ta, ta, ta. Ukiachia kwenye la pili, mpira umekaa sawasawa. Hapo nikaona ada mpya inaweza kuzaliwa, ada ya sikio badala ya kiganja, na kwamba inafundishika.

Lakini sikio hilohilo ndilo linalolipa. Kelele za mashine za aina hii hukaribia desibeli 100. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, imeweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu. Kwa desibeli 97 mtu anabakiwa na dakika 30 kwa siku. Kwa hiyo ile gharama iliyoondolewa kwenye kifundo cha mkono haikufutwa. Imehamia kwenye masikio, tena si ya mshika mashine peke yake, bali ya yule kijana msaidizi anayepiga magoti kushikilia bati, ambaye hakuchagua mashine wala hakushauriwa. Vizibo vya masikio kwa wote wawili vimo ndani ya hesabu ya kununua impakti, na fundi anayevaa yeye na kumwacha msaidizi wake kavu asije akaniambia habari za dhamana.

Hoja mbili zilinijia dhidi ya rai yangu, na zote zina miguu.

Ya kwanza aliitoa kijana wangu. "Fundi, si zipo mashine zinazojizima zenyewe? Nyundo ikianza kupiga tu, inakata. Nunua hiyo, ulale." Zipo kweli, za bei ya juu, na zinasaidia. Lakini mashine inajizima kwa kupima ugumu inaokutana nao yenyewe, mpira haiuoni. Skrubu ikikutana na fundo la mbao katikati ya safari, nyundo inaanza mapema, mashine inakata, na washa inabaki imelegea. Atakayejua kwamba lile lilikuwa fundo ni mtu. Mashine haina akili ya kuulizwa siku ya kuulizwa. Mwenye kuchagua mpangilio ule asubuhi ndiye aliyekata uamuzi kwa niaba ya kila skrubu ya siku nzima. Taklifu imerudi nyuma hatua nyingine moja, haikutoweka.

Ya pili ni ya shehe, na ni nzito zaidi. Ukiipeleka dhamana hadi dukani, akasema, umemfunga maskini. Kijana anayeanza kazi hana uwezo wa kuchagua. Anashika alichopewa au alichoazima, kwa sababu nyumbani wanasubiri unga. Je, ana hatia kwa kutokuwa na pesa? Nilikaa na hoja hiyo, na jibu langu ni kwamba uchaguzi hauishii kwenye bei. Mwenye mashine inayokurupuka anaweza kuisimamisha skrubu ikiwa bado imebakiza mizunguko miwili, kisha akamalizia kwa spana ya mkono. Inachelewesha, inachosha, na inampa mkono habari zake zote. Kila mtu ana nafasi ya kurudisha hisia kwenye kitendo chake kwa kiasi cha uwezo wake. Asichokuwa nacho hatadaiwa, alichokuwa nacho akakiacha kwa haraka ya malipo ya wiki, atadaiwa.

Shehe alikubali nusu. Kuhusu nusu ya pili alinionya nisifanye sheria kutokana na wasiwasi wangu. Nilipomwambia nataka kuandika kwenye makubaliano yangu kwamba nabeba dhamana ya kila skrubu, akasema kwa madhehebu yetu sharti la kumtwisha dhamana mwenye mkono wa amana, yaani aliyeshika mali ya mtu kwa kuaminiwa, halisimami. Ila ahadi ya hisani, kwamba nitarudi nirekebishe bure, hakuna anayenizuia kuitoa, na nikishaitoa nijue nimeahidi mbele ya nani.

Basi nimeandika ahadi. Makubaliano yetu sasa yanasema: likivuja kwenye skrubu kabla masika ya kwanza hayajaisha, tunarudi bila malipo. Nimenunua ile Makita. Ile yenye namba kubwa nimeirudisha na kuchukua rehani yangu, na muuzaji akanishangaa kwamba nimelipa zaidi ili nipate nguvu kidogo. Kijana mpya haipandishi mashine paani mpaka akaze mstari mzima wa skrubu uani, kwa swichi nusu, macho yamefungwa kwa kitambaa, kisha tukague mipira pamoja. Vijana wanalalamika kwamba hii ni madrasa. Ni madrasa.

Kisheria Imamu wangu ananiachilia, na namshukuru. Lakini nimeshaelewa kwa nini hakutaka niambiwe. Yale mapigo 12 hayakuanguka kutoka mbinguni, wala hayakuzuka mkononi mwangu kwa bahati mbaya. Yalikuwa ndani ya sanduku, yameandikwa pembeni kwa namba wazi, 3,600 kwa dakika, na mimi niliisoma namba hiyo, nikaipenda, nikatoa pesa. Nilipolipia mashine nilinunua na mapigo hayo.